Pete ya Francine kwenye Kioo cha Mlango

Kalemie, Kataki
Jumapili, 19 Novemba 2023

Mpendwa Yaya Yasmine,

Kabla sijakuuliza hali, nikutajie sauti moja. Ni pete ya ndoa ya Francine, muuguzi wetu wa chumba cha upasuaji, ikigonga kioo cha mlango wa chumba cha mashine: ngo, ngo, ngo. Ilikuwa Jumanne. Tangu hapo naisikia kila mahali. Mama akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, nashtuka. Jirani akipigilia msumari, nashtuka. Nimeona nikitanguliza salamu nitapata njia ya kuikwepa, na barua hii naiandika kwa sababu yake.

Sasa nakusalimu, dada yangu. Assalaam aleikum, wewe na shemeji Abdoul na watoto. Miguu yako inaendeleaje? Mama anasema bado inavimba ukisimama sana kazini, naye ananiagiza nikuambie uikande kwa maji ya chumvi, kana kwamba huko Kigoma hakuna chumvi. Sisi wazima wa mwili. Baba amepona kikohozi na ameanza tena kushuka bandarini kila asubuhi kuangalia meli ambazo hazimhusu. Mvua ni nyingi.

Kle yako ilifika salama. Najua ninyi mnaiita flashi. Steve wa boti aliileta ikiwa imefungwa ndani ya soksi, na soksi ndani ya mfuko wa dagaa, kwa hiyo ilinukia safari nzima. Niliijaribu siku hiyohiyo na mfumo wa kuendeshea kompyuta ulikuwa ndani yake, umekamilika kama ulivyouweka.

Mashine ya hospitali yetu, ile kompyuta, unaijua, maana wewe ndiye uliyenielekeza kwa simu nilipoifungua mara ya kwanza. Unakumbuka diski mbili zilizomo, pacha, za kampuni moja na ukubwa mmoja. Moja ilibeba mfumo, nyingine imebeba mafaili ya wagonjwa wote, kila mmoja kwa jina lake. Tangu ziwa lilipopanda na kulowesha kadi za karatasi, hatuna kumbukumbu nyingine. Diski ya mfumo iliugua wiki mbili zilizopita, ikawa inachelewa kuwaka kama mtu mwenye homa. Jumatatu haikuwaka kabisa.

Nilimwomba Papa Valère, msimamizi wetu, anitafutie diski nyingine ili ninakili kwanza mafaili. Alicheka. “Kopi ya nini tena? Weye ulisoma mpaka Lubumbashi, sasa unaangalia mashine kama unaangalia nyoka. Weka mfumo mupya, watu wanangoja.” Papa Valère si mtu mbaya, Yaya. Ana watu mlangoni kuanzia asubuhi, na mimi ndiye ninayezuia.

Umeme wa mji ulikuwa umekatika, na hapa kwetu jenereta, tunayoiita grupe, huwashwa tu wakati kuna mtu anapasuliwa. Mafuta ni ya kisu, si ya kompyuta. Ndivyo Papa Valère anavyosema. Kwa hiyo grupe ikinguruma, hospitali nzima hukimbilia ukutani na chaja za simu, na kila mmoja anajua kwamba nyuma ya kelele ile kuna mtu amelala juu ya meza. Nami nilikaa mbele ya mashine iliyozimika nikingoja mtu apasuliwe ili nifanye kazi yangu. Sijui kama umewahi kungoja kitu cha namna hiyo.

Jumanne saa za mchana wakamleta Ketsia. Ni mama kijana wa kutoka Nyunzu, anauza unga wa muhogo sokoni kwetu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Grupe ikawaka. Nikachomeka kle, mashine ikaamka, nikaona diski zangu mbili zimeorodheshwa. Nikaziangalia vizuri: ya kwanza ni ile mgonjwa, ya pili ni ya mafaili. Nikajiambia moyoni, ya kwanza, ya kwanza, kama mtu anayetumwa dukani.

Hapo nilifanya kitu ambacho sijamwambia Mama. Nilijikuta naomba Dokta Ghislain asifanye haraka. Mwanamke yuko juu ya meza, nami naomba akawie, ili umeme usikatike kabla sijamaliza. Nilipojisikia nikiomba vile, nikatamka astaghfirullah.

Kisha grupe ikanyamaza. Haikuwa imeharibika. Huwa wanaizima katikati ya kazi ili kuongeza mafuta, na chumba cha upasuaji kinakaa kwa taa ya betri wakati huo. Tumezoea, hakuna anayeinua kichwa. Ikawaka tena, nami nikaanza upya, haraka kuliko mwanzo kwa kuwa muda ulikuwa umeliwa. Nikapita lugha, nikapita saa, nikafika pale inapouliza diski ipi ifutwe. Nikachagua ya kwanza. Sikuangalia tena. Nilikuwa nimeshaangalia.

Ikaniuliza mara ya mwisho kama nina hakika, kwamba vyote vilivyomo vitapotea. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, Yaya. Hakikuwa karibu nacho, kilikuwa juu yake, nilisikia ubaridi wake. Ndipo pete ikagonga.

“Mwanne, fungua!” Francine alikuwa na barakoa shingoni. “Ketsia anasema, kwa mutoto wa kwanza, hapahapa kwetu, walimudunga sindano moja akavimba mpaka koo ikaziba. Jina ya dawa haijui. Dokta anauliza ni dawa gani, mbele ya kumudunga.”

“Mashine imekufa, Francine.”

“Basi uifufue. Ule mama hana kadi, maji ilibeba kadi na nyumba.”

Hapo nikakumbuka maneno yako ya mwaka jana, kwamba kle haiko kwa ajili ya kusakinisha tu. Mashine inaweza kuamka na kuishi ndani ya kle bila kugusa diski yoyote, kama mgeni anayekaa kibarazani bila kuingia ndani. Nilikuwa nimeyasahau kwa sababu ya haraka. Nikaondoa kidole, nikazima, nikawasha upya, nikachagua njia hiyo. Francine alisimama nyuma yangu akipiga kiatu sakafuni.

Nilijaribu kufungua diski ya pili, ya mafaili. Haikufunguka. Nikajaribu tena, ikakataa. Nikafungua ya kwanza, ile niliyoiita mgonjwa, kwa kukosa la kufanya tu. Wagonjwa wote walikuwa humo. Nikatafuta Ketsia, nikasoma jina la dawa kwa sauti, Francine akalirudia na kukimbia nalo kwenye korido akilitamka kama mtu aliyebeba maji mkononi.

Wewe umeshaelewa, lakini acha niliandike, maana sijaliandika mahali popote. Grupe ilipozimwa na kuwashwa, diski mgonjwa ilichelewa kuamka. Nzima ikatangulia kuitika, na mashine ikaipa nafasi ya kwanza. Diski niliyokuwa nimeichagua ifutwe ilikuwa ya wagonjwa. Francine angemaliza kwanza kufunga kamba ya barakoa, au angepitia choo, au pete ingekuwa nyumbani kwenye sahani ya sabuni, kusingekuwa na jina la dawa, wala la Ketsia, wala la mtu yeyote.

Ketsia alizaa mtoto wa kike, wote wazima, alhamdulillah. Kilichofuata ndicho kinachonitisha zaidi. Papa Valère alinunua soda. “Mutoto ya Sulemani ameokoa muntu,” alimwambia kila aliyepita, na Jean wa duka la dawa sasa ananiita Dokta Kle, ananipigia saluti na chupa tupu ya sharubati. Nilikunywa soda ile, Yaya. Nilitabasamu. Kila aliponisifu mtu nilikificha kidole hiki ndani ya kiganja.

Jumatano nikamwendea Papa Valère, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafunga mlango.

“Ulibonyeza?”

“Hapana, Papa.”

“Basi hakuna maneno. Hii ibakie hapa. Ijumaa kuna mama wa kupasuliwa, grupe itawaka, utamaliza kazi.” Kisha akaongeza, na sauti yake haikuwa na ukali: “Mwanne, wakisikia, hakuna mama atakubali jina yake iingie tena mule ndani.”

Nimeyafikiria maneno hayo kila upande. Labda ana haki. Mimi hofu yangu ni nyingine. Naogopa siku nitakapoamini kwamba kwa kuwa sikubonyeza, hapakuwa na kitu. Siku hiyo nitabonyeza.

Kabla sijafika mwisho, salamu. Nisalimie shemeji Abdoul, umwambie Baba bado anamdai ule mchezo wa bao walioacha katikati. Wapakate watoto kwa niaba yangu. Msalimie Mama Mkubwa Zainabu, mwambie Mama anamkumbuka kila akipika mihogo ya nazi, na kwamba nazi huku ni ghali. Steve anaondoka na boti ya kesho, ndiyo maana mwandiko umekimbia.

Lililobaki ni la Ijumaa, na nililiweka nyuma makusudi, maana nilitaka kwanza nijue kama naweza kuliandika. Kabla grupe haijawashwa nilifungua mashine kwa bisibisi, nikachomoa diski ya wagonjwa, waya wake nikauacha unaning'inia. Ndani ikabaki moja, ile mbovu iliyonipa hofu yote, na hiyo nikaitoa vilevile, nikaweka nyingine, tupu, ambayo Jean aliitoa kwenye kompyuta ya duka la dawa bila kumwuliza mtu. Kosa la Jumanne halikuwa na mahali tena pa kutokea.

Diski ya wagonjwa ningeweza kuiweka kabatini. Niliifunga kwa kitambaa, nikaenda nayo wodi ya wazazi. Ketsia alikuwa ameketi, mtoto amelala ubavuni kwake. Nikamwambia hiki ni nini, na kwamba jina lake limo, na la mtoto wake wa kwanza. Nikamwambia pia jinsi ilivyokuwa Jumanne, kidole kilikuwa wapi, na nani aligonga mlango.

Akauliza: “Ilibakia nini?”

“Kubonyeza tu.”

Nilingoja anifukuze. Nyuma ya ukuta grupe ikaanza kunguruma, na wanawake wa vitanda vingine wakanyanyua chaja zao. Ketsia akamsogeza mtoto kidogo, akapisha nafasi upande wa pili, akanyoosha mkono.

“Leta,” akasema. “Mimi nitaishika mpaka umalize.”

Akaifunga ndani ya kitenge chake. Nikarudi chumba cha mashine, nikaacha mlango wazi, nikachomeka kle yako, na nikabonyeza.

Mungu akulinde, Yaya, na akupe watu wa kukugongea mlango kwa wakati wake.

Wako akupendaye na asiyekuficha kitu,
Mwanne Sulemani