Nimefika kwa Mama Yako kwa Baiskeli

Paskalina, rafiki yangu,

Nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mama yako hapa Mogitu, asubuhi, na miguu inauma mpaka siwezi kuchuchumaa. Jana niliendesha baiskeli kutoka Haydom karibu siku nzima, ile njia yetu ya kila likizo. Safari hii peke yangu.

Tangu uondoke ni miezi saba. Darasa lako limepewa mwalimu kutoka Mbeya. Ni mpole, ila watoto wanalalamika kwamba haimbi jedwali la kuzidisha kama wewe. Baiskeli yako iko stoo ya shule. Huwa naipaka cheni mafuta kila Ijumaa. Kuipanda, bado.

Nilitoka alfajiri, ukungu ukiwa chini kabisa, nikawa nasikia cheni na pumzi zangu tu, na mara njuga ya mbuzi nisiyemwona. Kwenye miteremko ya kuelekea Basotu sikujua tena kama naendesha au naota. Vilima vilikuwa vinatokea na kurudi ndani ya ukungu kama watu wanaochungulia mlangoni. Mara mbili nilisogea kushoto nikupishe, maana ulizoea kunipita kwenye mteremko huku umeinua miguu yote miwili, unapiga kelele, mwalimu mzima! Hakupita mtu. Ulipita upepo.

Kabla ya Ziwa Basotu, ng'ombe walijaza barabara. Nikapiga kengele, nikasema pisheni jamani. Wakanitazama tu. Nikakumbuka ulivyoniambia mwaka ule niliohamia: "Zuhura, ng'ombe wa huku hawajui Kiswahili." Ukawatamkia neno moja la Kiiraqw, wakapisha. Lile neno sikuwahi kukuuliza. Nilisimama mpaka wakapita wote, nikicheka, halafu haikuwa kicheko tena.

Basotu nilikunywa chai kwa yule mama wa chapati. Akaniuliza, "Mwenzako yuko wapi leo?"

Nikajibu, "Ametangulia."

Akanifungia chapati mbili kwenye gazeti. "Basi kaza mwendo umkute."

Nililipa nikaondoka.

Baada ya hapo ikaja ngano, upepo unailaza na kuiinua, na mbele yangu Mlima Hanang ulitokea kichwa bila mwili, unaelea juu ya wingu. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Nikaanza kukuambia, kwa sauti, jambo ambalo sijamwambia yeyote.

Watu wote niliwaambia kwamba homa ilipokuchukua, mimi nikiwa likizo kwetu Kigoma, simu yangu ilikuwa imezimika. Si kweli, Paskalina. Habari ilinifikia siku ile ile. Nilifunga begi. Nilifika stendi mapema, basi likaja, watu wakapanda, kondakta akaniuliza dada unakwenda? Nikatikisa kichwa. Moyoni nilijiambia kwamba nisipofika kukuzika, utakuwa bado uko Haydom unanisubiri.

Basi nilikuja kumwambia mama yako hilo. Ndiyo maana mwinuko wa kutoka Katesh niliupanda kwa mguu nikiikokota baiskeli, hata pale ambapo ningeweza kuiendesha. Nilikuwa navuta muda.

Nilimkuta shambani, mbaazi zimetoa maua. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Akafuta mikono kwenye kanga, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Siku ya mazishi ulikuwa wapi? Nilitafuta mtandio wako wa kijani kati ya watu mpaka shingo ikaniuma."

Ule uongo wa simu ulikuwa tayari mdomoni. Nikaumeza. Nikamwambia yote, stendi, basi, kondakta. Aliinama akang'oa jani moja, akalitupa.

"Ungesema simu ilizima, leo ningelala vizuri," alisema. Akaingia ndani.

Nilidhani ndiyo mwisho. Nilishika usukani niondoke, bila kujua naelekea wapi. Akatoka na majembe mawili.

"Majani yamemfunika. Twende."

Tukakulimia kaburi, rafiki yangu. Yeye upande wa kichwani, mimi miguuni, mpaka udongo ukaonekana wote mwekundu na safi. Mikono yangu ilitoka malengelenge. Tulipokuwa tunakusanya majani ndipo akasema, bila kunitazama: "Hata mimi, walipokuwa wanamshusha, niligeuka. Niliutazama mlima."

Basi. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Alinichemshia maji ya kuoga, akanipa ugali na maziwa ya mgando, akanitandikia kitanda chako. Nililala kama jiwe, kwa mara ya kwanza tangu Desemba.

Sasa hivi amepita hapa na ndoo, akaniuliza naandika nini. Nikamwambia, barua. Akatambua ni ya nani. Akaitua ndoo.

"Mwambie mbaazi mwaka huu ni nzuri," akasema. Alikuwa ameshanipa mgongo alipoongeza, "Na mwambie umefika."

Nimefika, Paskalina. Nimechelewa, lakini nimefika. Mbaazi zikikauka nitakuja tena kumsaidia mama kuvuna, na likizo ijayo pia, na ile nyingine, maadamu miguu inazungusha pedali. Mama yako hatanitafuta tena kati ya watu akanikosa. Hilo nakuahidi.

Ile kwaheri niliyokunyima, ipokee leo. Pumzika, dada yangu.

Wako,
Zuhura