Kichupa Namba Sita

Pili! Pili, uko hewani? Nimetoka mahafali ya mjukuu wangu hapa Vwawa. Nina raha, we acha tu!

Mgeni rasmi unajua nani? NIKODEMO. Bosi wetu wa maabara, aliyenifukuza mwaka 83 akaniita mwosha vichupa, akabaki na daftari langu la majaribio.

Akawasimulia watoto "ugunduzi wake". Eti alitafuta dawa ya kuzuia kimeng'enya, yaani enzaimu, cha vimelea vya malaria. Kimeng'enya kikifanya kazi, maji yanageuka njano. Dawa ikikizuia, yanabaki meupe. Kipimo nilichokitengeneza MIMI, miezi minane, sabuni ya vichupa tukiipangia foleni duka la ushirika!

Akasema alitia mizizi ya dawa kutoka Ruanda, hapa hapa jirani, kwenye kichupa namba sita, maji yakabaki meupe. Watu makofi.

Namba sita, Pili!! Unakumbuka kilikuwa na nini?

Wazazi tukapewa maikrofoni. Hakunitambua. "Karibu mama yangu, usiogope."

Nikasema: "Mheshimiwa, namba sita hakikuwa na mizizi. Kila siku nilikichemsha, kimeng'enya chake kikafa, ili tujue maji yanakuwaje kikiwa kimekufa: meupe, bila dawa yoyote. Ungewahi kuingia maabara, ungejua."

Mwalimu wa kemia akajifunika uso kwa ratiba, mabega yanacheka.

Nikodemo akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani wewe ni nani?"

Nikamjibu, kwenye maikrofoni: "Mwosha vichupa."