Dirisha la Ngazi, Ghorofa ya Tatu

Umoja, Nairobi
14 Machi, 1998

Kwako dada Selpher,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba Vivian amepona ile surua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechoka, na nimekuwa mtu wa kufoka ovyo tangu uliponiandikia ukitaka nikuambie ukweli kama mume wako alifutwa kazi kwa sababu ya pombe.

Subiri kwanza nikueleze habari ya mashine, maana bila hiyo mashine isiyo na haya hutaelewa kitu.

Mwaka jana Bwana Nzuki, mwenye karakana yetu ya madirisha ya chuma hapa Industrial Area, aliagiza kutoka ng'ambo kompyuta na mashine ya kukata vyuma. Jengo zima linachorwa ndani ya kompyuta, kuta, milango na madirisha, kisha kompyuta yenyewe inaiambia mashine ikate nini. Alitutangazia kwamba siku za kutembea na tepu za kupimia zimekwisha. Mimi nilipelekwa kozi ya wiki mbili nikarudi mtaalamu! Stima ikipotea, na inapotea karibu kila siku, tunaketi sote tukiitazama kompyuta kama wafiwa.

Lakini dada, nani alimdanganya Bwana Nzuki kwamba waashi wa Nairobi hujenga kama mchoro unavyosema? Mwashi huacha nafasi ya dirisha kadiri mawe yanavyomruhusu. Ndiyo maana shemeji Wakoli alikuwa akipanda kila jengo na tepu yake kabla chuma hakijakatwa. Vijana walimcheka, yeye akaendelea.

Kwa jengo la Tassia alileta kipimo kimoja tu cha kurekebishwa. Madirisha yote yalichorwa futi nne kwa nne, ila nafasi ya dirisha la ngazi, ghorofa ya tatu, ilikuwa imepungua nusu futi. Nikakiingiza. Mashine ikakata siku mbili, sisi tukiipigia makofi. Yalipofika Tassia, madirisha yote sitini na manne yalikuwa madogo. Ukiliinua moja mahali pake, isipokuwa lile la ngazi, linapita na kuangukia ndani! Mwenye jengo aligomba mpaka wapangaji wa jirani wakatoka kutazama.

Bwana Nzuki alitaka kujua kipimo hicho kimetoka wapi, na kikaonekana kwa mwandiko wa shemeji. Alijitetea kwamba alipima dirisha moja. Akajibiwa kwamba kompyuta haisemi uongo, na kwamba anayepima hivyo lazima alikuwa amelewa. Alifukuzwa palepale, hata sahani yake ya githeri hajaimaliza.

Selpher, hakuwa amelewa. Mle ndani ya kompyuta madirisha yote yamenakiliwa kutoka kwa moja. Ukilibadilisha moja bila kulitenga, mengine yote yanafuata. Nilifundishwa hilo kwenye kozi, nikalisahau kwa haraka ya kwenda kula. Na nilipompa Bwana Nzuki karatasi ya shemeji, niliikunja chini, pale alipokuwa ameandika kwamba ni hilo moja tu. Niliikunja makusudi, shemeji akiwa amesimama karibu yangu. Aliona. Huyo ndiye aliyenilaza kwake miaka miwili nikitafuta kazi.

Jana nilimweleza Bwana Nzuki yote. Unajua alinijibu nini? Kwamba ninyamaze, kwa kuwa ameshamwambia mwenye jengo kwamba mlevi ameondolewa, na wateja wengine wanakuja kuiona mashine. Nilimwambia atafute mwingine wa kuiendesha.

Uliniandikia kwamba umemnyima shemeji chakula mpaka akiri kosa lake. Mpikie, dada yangu. Kosa ni la mtoto wa mama yako.

Nisalimie mama, watoto, na Triza wa jirani. Shemeji usimpe salamu zangu. Nitakuja mwenyewe Jumamosi ijayo, na asipotaka kunifungulia mlango, usimwombe.

Ni mimi ndugu yako,
Kweyu