Mashine ya Shemeji Inaninyooshea Kidole

Mshauri mpendwa, niokoe kabla shemeji hajaja kuchukua mashine yake, maana nimekwama, na aliyenikwamisha ni mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi redio, mume wa mtu, baba wa watoto, na mtu mzima asiye na akili. Nilijitengenezea mtambo mdogo wa kurushia matangazo, si wa biashara, nilitaka tu kujua mawimbi yangu yanafika wapi mvua ikinyesha na yanafika wapi jua likiwaka, na kwa kuwa hewani lazima useme kitu nikawa nasoma kipimajoto, "nyuzijoto ishirini na saba, upepo kidogo," kwa sauti nzito ya kujidai, huku nikiamini anayenisikia ni mshona viatu wa jirani peke yake. Antena niliifanya kamba ya kuanikia nguo. Mke wangu akashukuru kwamba hatimaye nimemfungia kamba imara, nami nikazipokea shukrani bila haya. Kibali sikuomba. Nilijiambia sheria hizi wametungiwa wenye makampuni, mtu wa chumbani kama mimi nani atamjali, lakini ukweli ni kwamba kuna mtihani na niliogopa kufeli, fundi mzima.

Sasa shemeji, kaka wa mke wangu, kazi yake ni kuwasaka wanaorusha matangazo bila kibali. Kila akija kula kwetu analalamika juu ya "yule mwehu wa joto" anayeingilia redio za magari ya wagonjwa, nami namwongezea mchuzi na kumwambia, "Pole shemeji, watu wengine hawana utu." Bosi wake amesema asipompata mwehu huyo mwezi huu, kazi hana. Juzi akaniletea mashine yake ya kutafutia mawimbi, akaiweka mezani: "Shemeji, naona hii imeharibika. Kila nikiiwasha inaelekeza hapa kwako. Hebu iangalie, nitaipitia Ijumaa."

Nimeiangalia. Niliwasha mtambo wangu ili kuijaribu, na mshale ukageuka moja kwa moja hadi kwenye kamba, ukasimama kwenye shuka la mtoto. Nilifurahi kidogo, mashine nzuri hiyo, kisha nikakumbuka kwamba inanisaka mimi. Nikisema ni nzima, nimejikamata. Nikiiharibu, nimemfukuzisha kazi kaka wa mke wangu, na mke wangu atanifukuza mimi. Nimefikiria hata kuihamishia kamba kwa mshona viatu. Nifanye nini?

Fundi wa Kamba ya Nguo

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, nimecheka hadi nikavua miwani, kisha nikafika kwenye magari ya wagonjwa na kicheko kikaisha. Umelipita jambo hilo mbio mbio. Rudi. Dereva anaelekezwa nyumba ya mgonjwa, naye anakusikia wewe na nyuzijoto zako. Sheria unayodai ni ya makampuni inamlinda huyo mgonjwa. Udadisi wako ni mzuri, usiuache. Lakini kwa shughuli kama yako kibali kipo, na masafa yake yapo, ambako ungesoma joto mpaka uchoke bila kumsumbua mtu. Kilichokuzuia ni woga wa mtihani. Pole kwa woga, ila aibu ni yako.

Kamba kwa mshona viatu usithubutu.

Halafu nikuulize. Mtu anayeishi kwa kusaka mawimbi, mashine inamwonyesha nyumba ya dada yake, ambako mume ni fundi redio, naye anaibeba mashine hiyo hiyo na kumkabidhi fundi, tena anampa mpaka Ijumaa. Unadhani hajui? Anajua vizuri, na pengine alijua ukiwa bado unamwongezea mchuzi. Ameiweka kazi yake rehani ili ujitokeze mwenyewe, kwa sababu anampenda dada yake, na labda hata wewe.

Kwa hiyo zima mtambo sasa hivi. Mwambie mkeo kabla hujamwambia mtu mwingine, na akikufokea nyamaza. Ijumaa usimngoje shemeji mezani. Mfuate ofisini ukiwa na mashine yake mkono mmoja na mtambo wako mkono wa pili, useme mbele ya bosi wake kwamba mashine ni nzima na yeye ndiye aliyekupata. Adhabu watakayokupa ipokee, na mtihani kaufanye.

Na kabla hujatoka nyumbani, mfungie mkeo kamba ya nguo. Safari hii iwe kamba tu.