Neno nililomfasiria Bibi

Mjini Ibra, Jumanne

Na mimi ndiye niliyejiita shirika la habari la nyumba hii! Bibi hasomi Kiarabu, basi kila kitu cha vita vya Khartum kikitokea kwenye simu yangu namfasiria kwa Kiswahili, upesi kuliko televisheni.

Asubuhi ukurasa mmoja uliandika kwamba Ustadh Idris, mume wa shangazi Zuwena, aliyekwenda huko kumchukua mama yake, ni musab. Yaani, kumbe, kajeruhiwa. Nikaandika mbio kwenye grupu la familia: "Ustadh Idris, msiba." Wallahi nilidhani ni neno lile lile.

Adhuhuri sebule ilijaa wanawake wanaolia. Shangazi alikuwa ameshavuliwa bangili kwa sabuni, kama mjane.

Alasiri simu ikalia. Ustadh mwenyewe, na ukali wake ule ule: "Nimeumia mguu tu! Nani kaniua?"

Watu wakacheka na kulia pamoja. Bibi akasema, "Hawa watu wa mitandao hawamuogopi Mungu. Usiwaamini, mjukuu wangu."

"Ndiyo, Bibi," nikasema. Mimi, mwenye mdomo kuliko vijana wote wa Ibra! Ujumbe wangu wa grupu nilikuwa nimeshaufuta.

Kisha shangazi akaninyooshea mkono nimvishe bangili zake. "Ahsante, baba. Bila wewe tungejuaje habari za huko?"

Kifundo cha mkono wake kilikuwa chekundu, kimechubuka. Nikamvisha moja moja, polepole, na kila moja ilipopita nilitaka kumwambia. Zilikuwa sita. Zikaisha.