Thawabu Zako Hatukuziharibu, Zuwena

Shoga yangu Zuwena,

Salamu zetu sote wa Ibra, hata za yule mjukuu wako mlia ovyo. Chekechea yetu imepata chumba cha matofali! Lile banda la makuti tumewaachia mbuzi.

Wafadhili kutoka nje walikubali kutujengea, ila walitaka jumuiya yetu ya kina mama nayo itoe sehemu yake. Tutoe nini sisi, na mfuko wetu unaujua? Wakamleta binti mmoja kutoka Maskati, wazee wake walikuwa Tabora, basi Kiswahili anakisema vizuri. Akatwambia kazi tunazofanya bure nazo ni mchango. Ataangalia zingegharimu kiasi gani lau tungeajiri mtu.

"Haya, mama zangu, kila mmoja aseme anafanya nini."

Bi Asya akajifunika mtandio: "Mie sifanyi kitu, mwanangu." Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Kila mtu anaogopa kujisifu. Nikakukumbuka ulivyokuwa ukinikanyaga mguu mbele ya wageni: "Usinitaje, utaniharibia thawabu zangu!" Chumba kikawa kinatuponyoka hivi hivi, tunakitazama.

Basi nikasema, mtu asiseme yake, aseme ya mwenzake. Wallahi ungecheka! Ndimi zilifunguka, kila mmoja anamchongea jirani yake. Kumbe Asya ndiye apikaye uji alfajiri. Salma anawaogesha watoto. Zeyana anapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wasiokuja, na Raya anaosha mikeka. Kazi zako zote hizo, Zuwena. Tulipokuzika, kila mmoja alijichukulia yake bila ya kumwambia mwenzake.

Binti akauliza: "Na huyo Bi Zuwena aliyekuwa akizifanya, yuko wapi?" Tukamwambia. Akapiga hesabu zake, akasema kushika nafasi yako wangetakiwa watu wanne wa mshahara, na mchango wetu umetimia. Nililia na kucheka pamoja. Miaka yote nilikuwa nikikwambia pumzika, nawe ukinijibu, "Mbona nimekaa tu?"

Nimekukosa, shoga. Hata kugombana sina wa kugombana naye.

Lakini usininunie huko uliko. Thawabu zako ziko salama: hukujisema wewe, tumekusema sisi. Pumzika sasa, kipenzi changu. Nakuahidi nitaendelea kukusema kila pahala, na mguu wangu hauna tena wa kuukanyaga.

Wako,
Moza