Makucha ya Minisita

Jumatatu, 9 Oktoba 1961
Nashona tangu asubuhi. Gauni la Vero, binti wa jirani. Harusi ni Jumamosi. Dantele hii, lesi yake, ndiyo ya mwisho dukani. Tangu risasi za mwezi uliopita, askari wakipigana mjini, hakuna mzigo mpya. Paka wetu Minisita amelala juu ya mabaki ya kitambaa. Jina alipewa na mume wangu, Petro: kama waziri, anakula, analala, hajibu maswali.

Jumanne, 10 Oktoba
Tik tik tik kwenye saruji. Nilidhani mvua. Kumbe Minisita anatembea. Kwenye mkeka akanasa, akavuta mguu, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfunga. Nikacheka, nikaendelea kushona. Mjinga mimi.

Jumatano, 11 Oktoba
Amerukia gauni! Ukucha umenasa, mkono wa kushoto wa gauni umechanika urefu wa kidole. Nimelia. Nimemtupia kiatu, nimemkosa. Petro kasema Jumapili anampeleka Kambove kwa kaka yake, akae huko. Nimekubali. Aende!

Alhamisi, 12 Oktoba
Hasira imeisha, neno limebaki. Petro akishasema, amesema. Sitaki paka wangu aende.

Nimemwita Baba Ilunga, kinyozi wa mtaa wetu huu unaoitwa Kenya kama ile nchi, amkate kucha. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamfunga Minisita shuka jeupe kama mteja, mguu mmoja nje. Akabonyeza kidole, ukucha ukatokea: mrefu, umepinda kama ndoana.

"Mama, hii paka iko inakwaruza wapi?"

Nikatazama mlango wa uani. Alikuwa akikwaruza mti wa avoka, parachichi letu la uani. Tangu risasi nimemfungia ndani. Nimemwita mtundu, na kosa ni langu. Aibu.

Baba Ilunga alikata ncha tu. Sehemu nyekundu hakuigusa.

Ijumaa, 13 Oktoba
Nimemweleza Petro yote. Kamaliza bukari yake, ugali wote, kanawa mikono, kaenda kulala. Nimechoka naye.

Nimeshona maua madogo juu ya pale palipochanika, na mkono wa pili pia. Mama Vero anasema hiyo ndiyo modeli ya Ulaya. Sikumbishia.

Jumapili, 15 Oktoba
Jana Vero alipendeza mno. Nilicheza mpaka miguu ikavimba.

Leo nimeamka, Minisita hayupo. Nikadhani tayari yuko njiani kwenda Kambove. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Petro ameketi kizingitini na chai yake, paka yuko kwenye avoka, anakwaruza gome. Petro akasogea kidogo, nikapata nafasi. Mimi pia sikuwa nimekaa nje mwezi mzima. Jua lilikuwa zuri.